Mabingwa Wakitofautiana, Mgonjwa Ashike Lipi?

Mtu akikatwa kinyama hospitali, na kinyama hicho kikatazamwa na mabingwa wawili, mmoja akasema ni saratani na wa pili akasema bado si saratani, je, mgonjwa ashike lipi? Tena, je, ni haki kumwambia kwamba mabingwa hawakukubaliana, au ni afadhali afichwe asije akaingiwa na hofu? Maswali haya si ya madaktari peke yao. Ni ya kila mtu anayepaswa kuamua jambo kubwa kwa kutegemea neno la mwingine ajuaye zaidi. Nasi tuliokaa miaka mingi katika vyuo vya ualimu, tukiwafundisha wengine namna ya kupima kazi ya mtu na kuipa daraja, tunaona kwamba yanatugusa kwa karibu.

Kwanza yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba kinyama hutiwa katika mashine na mashine ikatoa jibu. Sivyo. Daktari akiona uvimbe katika titi huchoma sindano au hukata kipande kidogo cha nyama. Kipande hicho hutiwa katika dawa ya fomalini kisiharibike, kisha hutolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, na kukatwa vipande vyembamba sana, vyembamba kuliko unywele. Hubandikwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Ndipo bingwa wa patholojia anapokitazama kwa hadubini. Hutazama umbo la seli, ukubwa wa viini vyake, na jinsi zilivyojipanga. Kisha hutoa hukumu kwa jicho lake na kwa ujuzi wake.

Ndani ya titi mna mirija midogo ipitishayo maziwa. Seli za mirija hiyo zikiwa kama kawaida, hakuna neno. Zikiongezeka wingi tu, hiyo si saratani. Zikiongezeka na kuanza kugeuka umbo, huitwa seli zisizo za kawaida. Hizo nazo si saratani, ila zaonyesha kwamba mama huyo yumo katika hatari zaidi kuliko wenzake siku za mbele. Zikigeuka kabisa na kuujaza mrija pasipo kuutoboa ukuta wake, huitwa saratani iliyo bado ndani ya mrija. Zikiutoboa ukuta na kuingia katika nyama ya jirani, hiyo ndiyo saratani yenye kuenea. Basi hizo ni kama ngazi tano. Na kila ngazi ina matibabu yake: mwingine ataambiwa aende nyumbani, mwingine arudi kutazamwa baada ya miezi kadhaa, mwingine akatwe uvimbe na kupigwa mionzi, mwingine aondolewe titi lote.

Sasa, mabingwa wakipewa kioo kile kile, hukubaliana kwa kiasi gani? Mwaka 2015 jarida la JAMA la huko Marekani lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na Dakta Joann Elmore. Mabingwa 115 kutoka majimbo 8 walipewa kila mmoja vioo 60, na majibu yao yakawa 6,900. Yalilinganishwa na majibu ya jopo la mabingwa 3 wenye uzoefu mkubwa. Kwa jumla walilingana na jopo mara 75 katika kila 100. Kwa saratani yenye kuenea walilingana mara 96 katika 100. Kwa nyama isiyokuwa na ubaya, mara 87. Kwa saratani iliyo ndani ya mrija, mara 84. Lakini kwa zile seli zisizo za kawaida walilingana mara 48 tu, yaani chini ya nusu. Na hao wakubwa 3 wa jopo, walipotazama kila mtu peke yake kabla ya kushauriana, wote watatu walitoa jibu moja kwa vioo 75 tu katika kila 100.

Jambo hili halikuanza juzi. Mwaka 1991 Dakta Juan Rosai aliwapa mabingwa 5 mashuhuri vioo 17 vya namna hii ya mpakani, kila mtu akipima kwa kanuni alizozizoea. Hakikupatikana hata kioo kimoja ambacho wote watano walikubaliana. Mwaka uliofuata Dakta Stuart Schnitt na wenzake 5 walifanya jaribio jingine. Safari hii walikubaliana kwanza juu ya kanuni na kuona mifano ya pamoja, ndipo wakapima vioo 24. Wote sita walitoa jibu moja kwa vioo 14. Mwalimu yeyote ataona mara moja funzo lililomo humo: mwongozo wa pamoja husaidia sana, ila haumalizi tofauti zote.

Hapa ndipo tunapoona sura ya kazi yetu wenyewe. Tangu Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walimu wengi wamekwenda kusahihisha mitihani ya taifa. Wanajua kwamba hesabu ya kujumlisha haina ubishi, lakini insha ina ubishi mwingi. Insha nzuri sana kila mtu huiona. Insha mbovu kabisa kila mtu huiona. Ugomvi huwa juu ya zile za katikati, ambazo mmoja huzipa alama ya kufaulu na mwenzake huzinyima. Mabingwa wa patholojia nao wana kutoa alama kwao. Ikishajulikana kwamba saratani ya titi ni yenye kuenea, huipa daraja kwa mambo matatu: jinsi seli zinavyojipanga kama mirija, jinsi viini vilivyogeuka umbo, na jinsi seli zinavyogawanyika kwa wingi. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ikiwa 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 ni la pili, 8 au 9 ni la tatu, ambalo ndilo kali. Alama moja tu yaweza kumhamisha mama kutoka daraja moja hadi jingine.

Basi mtu aweza kusema, Kama ni hivyo, hakuna kweli. Kila daktari ana yake, na elimu yao ni kubahatisha. Tunakataa neno hili, na tutaeleza sababu. Mwende ufukwe wa Kunduchi maji yanapokupwa na kujaa. Simameni pale mchanga ulipolowa mseme bahari inakomea wapi hasa. Mmoja ataonyesha hapa, mwingine ataonyesha pale, na wote wawili wana macho mazima. Lakini mtu aliyesimama Kariakoo hana shaka kwamba yu nchi kavu, na mvuvi aliye katika kilindi hana shaka kwamba yu baharini. Kwamba mpaka haushikiki si ushahidi kwamba bahari haipo. Ndivyo ilivyo ndani ya mrija wa titi. Seli hugeuka kidogo kidogo, wala hazijui majina tuliyoyatunga. Mwanadamu ndiye aliyeweka ngazi tano juu ya mteremko usio na ngazi. Aliziweka kwa sababu njema, maana hawezi kutibu nusu kwa nusu: ama atakata, ama hatakata. Lakini imempasa akumbuke kwamba ngazi ni zake.

Tena historia ya Afrika ya Mashariki yatufundisha kwamba tofauti za mabingwa zaweza kuwa mlango wa maarifa. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe mbaya wa taya uliowapata watoto. Watoto wale wale walikutwa na uvimbe mahali pengine pa mwili, na kabla ya hapo uvimbe huo ulikuwa ukipewa majina mbalimbali kwa kufuata mahali ulipotokea. Mabingwa wa patholojia wa huko Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, walipovikusanya vioo na kuvitazama pamoja, waliona kwamba ni ugonjwa mmoja tu, saratani ya chembe za limfu. Jina lilipokuwa moja, njia ya dawa ilifunguka, na watoto wengi wakaonekana kupata nafuu kubwa kwa dawa za saratani. Ubishi haukumalizwa kwa mkubwa kumnyamazisha mdogo. Ulimalizwa kwa kukaa pamoja mbele ya vioo vile vile.

Sasa turudi kwetu, Temeke na Kinondoni. Mtu wa Mbagala au wa Tegeta aweza kusema, Hayo ni matatizo ya nchi tajiri, ambako wanawake wazima hupigwa picha za eksirei za matiti kila baada ya muda, na vidonda vidogo vidogo vikaonekana kabla havijashikika kwa mkono. Asema kweli kwa sehemu. Taarifa ya mwaka 2017 kuhusu huduma za afya ya matiti nchini Tanzania ilionyesha kwamba wanawake wapatao 8 katika kila 10 waliogunduliwa na saratani ya titi walikuwa wamefikia hatua ya tatu au ya nne. Kwa hao hakuna ubishi wa hadubini. Uvimbe waonekana kwa macho, na mara nyingi mama amekwisha pita kwa majirani na kwa waganga kabla ya kufika Mwananyamala au hospitali ya Temeke, na kutoka huko kupelekwa Muhimbili au Ocean Road.

Kwa ajili hiyo tunalo fumbo zito kuliko la wenzetu. Kama tukitangaza kwamba mabingwa hutofautiana, je, hatutampa sababu ya kukaa nyumbani yule aliyekwisha kuwa na hofu ya kisu? Atasema, Hata wao hawajui. Je, si afadhali kunyamaza? Hoja hii ni nzito, na wanaoitoa ni watu wenye huruma. Hata hivyo hatukubaliani nao. Kwanza, neno la siri halikai siri mjini Dar es Salaam. Mama atasikia kwa shemeji yake, au katika daladala, kwamba fulani aliambiwa ana saratani na baadaye akaambiwa hana. Akilisikia huko, atalisikia nusu. Hataambiwa kwamba ubishi ni wa ngazi za katikati, na kwamba kwa saratani iliyokwisha kuenea mabingwa hukubaliana mara 96 katika 100. Nusu ya kweli ndiyo inayomkalisha mtu nyumbani. Kweli nzima humpeleka hospitali mapema, kwa maana humwonyesha mahali penye shaka na mahali pasipo na shaka.

Pili, mwili ni wa mgonjwa. Mwanafunzi akinyimwa alama moja kwa makosa ya msahihishaji, aweza kurudia mtihani mwaka ujao. Titi likiisha kuondolewa halirudishwi. Anayemtaka mtu akubali jambo lisilorudishika, huku akimficha kwamba yeye mwenyewe ana shaka, amemwondolea haki ya kuchagua, hata kama nia yake ni njema. Huruma inayomfanya mtu mzima kuwa mtoto ina kasoro.

Hapa wazee wetu wametuachia methali mbili zinazoonekana kupigana. Haraka haraka haina baraka. Na, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tuishike ipi? Tunaona kwamba kila moja ina mahali pake, na hadubini yenyewe hutusaidia kupajua. Kama mabingwa wamekubaliana kwamba saratani imetoboa ukuta, shikeni ile ya pili: msingoje, msizunguke, kila mwezi una thamani. Kama kinyama ni cha mpakani, cha seli zisizo za kawaida au cha saratani ndogo iliyo bado ndani ya mrija, shikeni ile ya kwanza: majuma machache ya kutafuta jicho la pili kwa kawaida hayaharibu kitu, maana hali hizo huenda polepole. Mwezi Desemba 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao COMET, uliohusu wanawake 957 wenye saratani ya ndani ya mrija ya namna isiyo kali. Baada ya miaka 2, waliopangiwa kuangaliwa kwa karibu hawakupata saratani yenye kuenea zaidi ya waliopangiwa upasuaji: 4.2 katika 100 kwa hao wa kwanza, na 5.9 kwa hao wa pili. Miaka 2 ni michache, wala hatusemi kwamba mtu yeyote aache matibabu kwa habari hii. Tunasema tu kwamba katika ngazi hiyo kuna nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo itumiwe.

Lakini jicho la pili nalo lina adabu yake. Katika kusahihisha, msahihishaji wa pili akiziona alama za wa kwanza, mkono wake huzifuata, naye hudhani kwamba amefikiri mwenyewe. Kwa hiyo ni vema wa pili atazame kwanza bila kujua, kisha wakae wote wawili na kushauriana, na ikibidi wamwite wa tatu. Na kioo chaweza kutazamwa na aliye mbali, kwa kusafirishwa chenyewe au kwa picha yake kutumwa kwa kompyuta. Jambo hili ni la maana kwetu, kwa sababu mabingwa wa kazi hii ni wachache nchini na kazi ni nyingi. Kwa uchache huo hatuwezi kudai kwamba kila kinyama kisomwe na wawili. Ila vya mpakani vyastahili, tena kabla ya kisu, si baada yake.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Kuna tofauti kati ya kutafuta jicho la pili na kutafuta jibu tunalolipenda. Mtu anayekwenda kwa daktari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, hadi ampate wa kumwambia, Huna kitu, huyo hatafuti kweli. Amekwisha kutoa hukumu na sasa anamtafuta shahidi. Ni heri aseme mapema, kabla ya kusikia neno lolote: Nitatafuta maoni ya mabingwa wawili, wakitofautiana nitamsikiliza wa tatu, na hapo nitasimama. Akifunga nia hiyo kabla hajajua jibu, hofu yake haitapata nafasi ya kumwongoza.

Na bingwa asidhani kwamba kusema, Sina hakika, kutamshushia heshima. Katika vyuo vyetu tulikuwa tukiwaambia walimu wanafunzi kwamba mwalimu asiyejua jambo aseme kwamba halijui na kwamba atalitafuta, kwani watoto hung'amua upesi anayejifanya. Watu wazima hung'amua upesi zaidi. Heshima ya daktari hukaa katika kusema kwa hakika lililo hakika, na kusema kwa shaka lililo na shaka, na mgonjwa akaweza kutofautisha sauti hizo mbili. Anayeyasema yote kwa sauti moja ya uhakika, siku moja litakapobatilika moja, hataaminiwa hata kwa yale ya kweli.

Akina mama, na akina baba mnaowasindikiza, mtakapopewa majibu ya kinyama msione haya kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Ulizeni: Hali hii iko katika ngazi gani? Je, ni ya zile zinazokubaliwa na wote, au ni ya mpakani? Je, bingwa mwingine amekitazama kioo? Je, tuna muda gani wa kufikiri bila kudhurika? Ombeni karatasi ya majibu mwitunze vizuri nyumbani, na mwulize vioo vimehifadhiwa wapi, ili vipatikane vikitakiwa tena. Maswali hayo hayamvunjii daktari heshima. Yakiulizwa kwa upole, daktari mwema atayafurahia, kwa kuwa yatamgawia mzigo ambao amezoea kuubeba peke yake.

Na yeyote aliye na uvimbe katika titi leo, ambaye bado hajakwenda popote, asiyachukue maneno haya kuwa ruhusa ya kungoja. Ubishi wa mabingwa huanza pale tu kinyama kinapofika mbele yao. Kisipofika, hakuna wa kukubaliana wala wa kutofautiana, na ugonjwa huendelea na kazi yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua.